Jicho la Mfugaji: Historia Fupi ya Utafiti wa Kumbukumbu na Swali la Utambuzi wa Ng'ombe Tarime

Kwa Wakurya wa Nyamwaga na vijiji jirani wilayani Tarime, ng'ombe ni mali na pia ni mahari. Wizi wa mifugo katika eneo hili la mpakani umeandikwa kwa kina na Michael Fleisher katika kitabu chake cha mwaka 2000. Ng'ombe aliyeibwa anapopatikana, mahakama za Tanzania humtaka anayedai umiliki aeleze alama mahususi kabla ya kuonyeshwa mali hiyo. Insha hii inauliza: je, kila anachokijua mfugaji kuhusu ng'ombe wake kinaweza kuelezwa kwa maneno?

Mwaka 1932, mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alisimulia habari za mchungaji wa Uswazi aliyetakiwa kutaja ng'ombe walionunuliwa takribani mwaka mmoja nyuma. Alitaja bei, rangi na wauzaji, akakosea mambo mawili madogo tu. Bartlett hakuona muujiza hapo. Kwake, mtu hukumbuka vyema kile ambacho jamii yake inakithamini.

Watafiti waliofuata waligeukia jicho lenyewe. Mwaka 1998, Marvin Chun na Yuhong Jiang waliwapa watu kazi ya kutafuta herufi moja kati ya nyingi. Mpangilio uliporudiwa, herufi ilipatikana haraka zaidi, ingawa watazamaji hawakutambua kwamba wamewahi kuuona. Mwaka 1999, Chun na Elizabeth Phelps walionyesha kwamba wagonjwa walioumia hipokampasi na sehemu jirani za ubongo hawakupata faida hiyo. Mwaka 2006, Jennifer Summerfield, Anna Christina Nobre na wenzao walibaini kwamba mahali palipokaririwa jana huvuta macho leo, na kwamba hipokampasi hushirikiana na maeneo ya ubongo yanayoelekeza uzingativu.

Historia hii inaonyesha kuwa kumbukumbu inaweza kuongoza jicho bila kupitia ulimini. Hivyo basi, mfugaji anayeshindwa kueleza baka la ng'ombe wake si lazima awe mwongo. Huenda angemtambua mara moja zizini. Hata hivyo, majaribio hayo yalifanywa kwa herufi na picha, si kwa mifugo. Aidha, kumbukumbu hiyohiyo huweza kumfanya anayemtafuta ng'ombe wake amwone katika ng'ombe wa mwingine, na kanuni ya mahakama humlinda mshtakiwa dhidi ya kosa hilo.

Kwa maoni ya insha hii, maelezo ya mdomo yasiachwe, bali yaongezewe jaribio la pili: ng'ombe anayebishaniwa achanganywe na wengine wanaofanana naye kwa rangi na umri, kama ilivyo katika gwaride la utambulisho wa watuhumiwa, kisha mdai amchague. Kwa njia hiyo, ulimi na jicho vitapimwa kila kimoja kwa kipimo chake.