Karne ya Kutafuta Mchawi: Usonji Mbele ya Sayansi

Mwaka 1938 Beamon Triplett, wakili wa mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi, Marekani, alimwandikia daktari barua ya kurasa 33 kuhusu mwanawe. Donald alikuwa na miaka mitano hivi. Kabla hajatimiza miaka mitatu alikwisha kuhifadhi Zaburi ya 23, pamoja na maswali na majibu 25 ya katekisimu ya Kipresibiteri. Angeweza kushinda siku nzima akizungusha sufuria na kitu chochote cha duara sakafuni, na ukimkatiza hapakaliki. Alijiita "wewe", na mtu akiingia chumbani ni kama hakuingia mtu. Wazazi walikuwa wameshauriwa wamtenge na nyumbani, wakampeleka kwenye taasisi ya watoto. Walipokwenda kumchukua na kuomba taarifa, mkuu wa taasisi aliandika kwamba labda ni ugonjwa wa tezi.

Barua hiyo ilimfikia Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Hakuwa amewahi kuona mtoto wa aina hiyo, au pengine alimwona asimtambue. Miaka mitano baadaye, mwaka 1943, alichapisha makala kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, na Donald akiwa wa kwanza kwenye orodha. Jina la hali yenyewe alilichukua kwa Eugen Bleuler wa Zürich, aliyelitumia mwaka 1911 kueleza kujitenga kwa wagonjwa wa skizofrenia. Kanner alilipa kazi mpya. Ndiyo hali ambayo leo tunaiita usonji.

Wengi humwita Kanner mgunduzi, lakini haki itendeke. Grunya Sukhareva, daktari wa Moscow, alikwisha kuwaeleza wavulana sita wenye dalili hizohizo tangu mwaka 1925, kwa undani ambao bado unashangaza. Aliandika kwa Kirusi, kisha kwa Kijerumani, na dunia ya Kiingereza ikampita. Mjini Vienna, Hans Asperger alichapisha makala yake mwaka 1944, na kwa miongo mingi alisifiwa kuwa aliwakinga watoto aliowatibu dhidi ya Wanazi. Sifa hiyo iliporomoka mwaka 2018, mwanahistoria Herwig Czech alipotoa nyaraka za hospitali zinazoonyesha kwamba Asperger alishiriki kuwapeleka baadhi ya watoto Am Spiegelgrund, kituo ambako watoto wapatao 800 waliuawa.

Turudi kwa Kanner, kwa sababu kisa kizima kinaanzia kwake. Makala ya 1943 ilihitimisha kwamba watoto hawa wamezaliwa hivyo. Ila kurasa chache kabla ya hapo daktari alidokeza jambo jingine: wazazi wengi aliowaona walikuwa wasomi na wakavu wa hisia. Hakujiuliza ni mzazi gani wa miaka hiyo angeweza kumlipia mtoto nauli hadi Baltimore na kumwandikia daktari kurasa 33. Wasomi walikuja kwa sababu wasomi ndio waliokuwa na njia ya kufika. Kufikia mwaka 1949 kidokezo kilikuwa kimeota mizizi, na Kanner mwenyewe aliwafananisha watoto hao na vitu vilivyowekwa kwenye jokofu lisiloyeyusha barafu yake. Jokofu lenyewe, bila shaka, lilikuwa mama.

Waswahili tunasema watu "wanatafuta mchawi" pale wanapoacha kuuliza kilichotokea na kuuliza nani kakifanya. Sijui namna bora ya kueleza miaka ishirini iliyofuata. Mchawi alipatikana, akawa na mtoto mgonjwa mapajani, na hakuwa na wa kumtetea.

Aliyesukuma hukumu hiyo mbali kuliko wote alikuwa Bruno Bettelheim, mkuu wa shule ya bweni ya Orthogenic mjini Chicago. Alikuwa Myahudi wa Vienna aliyefungwa katika kambi za Dachau na Buchenwald mwaka 1938 na 1939, na huko aliona watu wazima wakizimika kwa kukata tamaa. Alipowatazama watoto wenye usonji alidhani anaona kitu kilekile: mtoto amejifungia ndani kwa kuwa nyumba yake ni kambi. Kitabu chake cha mwaka 1967 kilisomwa sana, naye akawa mtu wa televisheni na magazeti. Tiba ilitokana na hoja: mtoto aondolewe kwa wazazi, akae shuleni miaka. Watu wachache walijali kuuliza ni wangapi waliopona na nani aliwahesabu. Baada ya kifo chake mwaka 1990, waliokuwa wanafunzi wake walijitokeza kusema kwamba alikuwa akiwapiga. Fikra yenyewe iliendelea kuishi mahali pengine. Nchini Ufaransa, ambako saikolojia ya Freud ina mashabiki wazito, ni mwaka 2012 tu ndipo mamlaka ya afya ilipokataa kuiweka saikolojia hiyo miongoni mwa tiba inazopendekeza kwa usonji.

Aliyeiangusha nadharia ya mama hakuwa profesa wa usonji. Bernard Rimland alikuwa mwanasaikolojia wa jeshi la majini la Marekani huko San Diego, kazi yake kutunga mitihani ya kuwapima mabaharia. Mwanawe Mark alizaliwa akilia bila kutulia. Rimland alimtazama mkewe, akaisoma nadharia ya mama baridi, akaona haviingiliani. Alisoma kila makala aliyoweza kuipata, na mwaka 1964 akatoa kitabu kinachodai kwamba asili ya usonji ni ubongo, wala si malezi. Dibaji iliandikwa na Kanner mwenyewe. Mwishoni aliweka dodoso la dalili, na wazazi wakaanza kulijaza na kumpelekea kwa posta kutoka kila pembe. Mwaka uliofuata aliwakutanisha baadhi yao na kuanzisha chama cha kitaifa. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa chama hicho, akawaambia wazazi kwamba hawana hatia. Inasemekana ukumbi mzima ulisimama.

Ushahidi wenyewe, ule wa kuhesabika, ulitoka London. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa jozi 21 za mapacha, kila jozi ikiwa na angalau mmoja mwenye usonji. Katika jozi 11 za mapacha wanaofanana, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, hakukuwa na hata moja. Sampuli ni ndogo, na mhakiki mkali angeguna. Hata hivyo mantiki yake haikwepeki: mapacha wote hulelewa na mama yuleyule, kwa hiyo tofauti kati ya makundi haya haiwezi kutokana na baridi ya mama. Tafiti za baadaye zenye mamilioni ya watu, hasa katika nchi za Skandinavia zenye kumbukumbu nzuri za kiafya, zinakadiria kwamba mchango wa urithi ni takriban asilimia 80.

Urithi haumaanishi jeni moja. Kuna hali chache ambapo jeni moja inatosha, mfano ugonjwa wa Rett, ambao maabara ya Huda Zoghbi iliugundulia jeni yake mwaka 1999. Kwa wengine ni mamia ya jeni, nyingine zikiwa zimebadilika kwa mtoto bila mzazi kuwa nazo. Mazingira ya mimba nayo yamo. Janga la rubela lilipoikumba Marekani mwaka 1964, Stella Chess wa New York aliwafuatilia watoto 243 walioathirika tumboni, akakuta 10 wenye usonji kamili na wengine 8 wenye sehemu ya dalili. Kwa hali iliyohesabiwa kuwa adimu, hicho kilikuwa kiwango kikubwa mno. Dawa ya kifafa iitwayo valproeti, ikitumiwa na mjamzito, nayo huongeza uwezekano.

Ndiyo maana kisa cha mwaka 1998 kinauma zaidi. Rubela ni moja ya magonjwa matatu yanayozuiwa na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, na chanjo hiyohiyo ndiyo iliyogeuzwa mchawi mpya. Andrew Wakefield, daktari katika hospitali ya Royal Free ya London, alichapisha katika jarida la Lancet makala ya watoto 12 iliyodokeza uhusiano wa chanjo hiyo na usonji, kisha akawaambia waandishi wa habari kwamba chanjo hiyo ya pamoja isimamishwe. Mwandishi Brian Deer wa Sunday Times alichimba miaka kadhaa, akakuta Wakefield alikuwa akilipwa na mawakili waliotaka kuwashtaki watengeneza chanjo, na kwamba taarifa za watoto hazikulingana na mafaili yao ya hospitali. Lancet iliiondoa makala mwaka 2010, na mwaka huohuo Wakefield akafutwa katika daftari la madaktari. Huko Denmark walihesabu watoto 657,461 na kuchapisha matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Japani ilikwisha kuiacha chanjo hiyo ya pamoja mwaka 1993, na mjini Yokohama idadi ya wenye usonji ikaendelea kupanda vilevile.

Kupanda kwa idadi ndiko kunakowapa watu hofu. Mwaka 1966 Victor Lotter alihesabu watoto wa Middlesex, Uingereza, akapata 4.5 kwa kila 10,000. Leo Marekani inataja mtoto mmoja kati ya 31. Katikati ya tarakimu hizo yupo Lorna Wing, daktari wa London na mama wa binti mwenye usonji, ambaye pamoja na Judith Gould alionyesha mwaka 1979 kwamba usonji ni wigo mpana, si chumba kimoja. Mlango ukipanuliwa, wanaoingia huongezeka. Sehemu kubwa ya ongezeko inaelezeka hivyo, pamoja na walimu na madaktari kujua wanachokitafuta.

Kuhusu tiba, historia ni ya aibu zaidi. Miaka ya 1960 Ivar Lovaas wa Los Angeles alitumia makofi na hata shoti za umeme. Mwaka 1987 aliripoti kwamba kati ya watoto 19 waliofundishwa saa 40 kwa wiki, 9 walifikia hali ya kawaida; matokeo hayo hayajarudiwa kwa ukubwa huo. Donald, kwa upande wake, alipelekwa kuishi na mkulima na mkewe. Mtoto alipenda kupima vitu, mkulima akampa kazi ya kupima kina cha kisima. Akawa anahesabu mistari ya mahindi bila kukoma, akaachiwa aihesabu huku akilima. Kanner alikwenda kuwatembelea, akastaajabu. Donald alikuja kufanya kazi benki, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Halafu kuna sekretini, homoni ya utumbo. Mwaka 1998 ilivuma Marekani kwamba watoto waliodungwa homoni hiyo kwa ajili ya kipimo cha tumbo walianza kuongea. Wazazi waliitafuta kwa bei yoyote. Huko North Carolina, Adrian Sandler na wenzake waliwagawa watoto 60 kwa bahati nasibu: nusu sekretini, nusu maji ya chumvi, na wazazi hawakujua nani kapata nini. Makundi yote mawili yalionekana kupata nafuu, sawasawa. Matumaini ya mzazi yalikuwa yakiona maendeleo hata palipodungwa maji. Wazazi walipoelezwa matokeo, asilimia 69 bado walisema wanaihitaji. Miongoni mwa waliokuwa wameipigia debe sekretini alikuwemo Rimland, mtu yuleyule aliyewafungua akina mama, ambaye uzeeni aliungana pia na wanaozishuku chanjo. Ni jambo la kusikitisha, na kwangu ndilo linalofundisha zaidi katika habari hii yote.

Leo hakuna dawa ya usonji wenyewe. Risperidoni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa watoto hawa, hutuliza hasira na kujiumiza, basi. Watu wazima wengi wenye usonji wanauliza kwa nini watibiwe. Tangu mmoja wao, Jim Sinclair, alipowaambia wazazi mwaka 1993 waache kuwaomboleza watoto walio hai, sauti hiyo imekuwa na nguvu.

Na kwetu? Lotter yule wa Middlesex alizunguka miji tisa ya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, akaangalia watoto zaidi ya 1,300 wenye ulemavu wa akili, akatoa makala mwaka 1978. Aliwaona tisa tu. Aliwatafuta kwenye vituo, na mtoto aliyefichwa uani hafiki kituoni. Mwaka 2006 jina la Susan Folstein, yule wa mapacha, lilitokea tena katika utafiti wa watoto 20 wa Tanzania. Kati yao 14 walikidhi vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri kabisa, wa miezi 22, 35 na 42, hadi walipougua malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege. Walipopona malaria, usonji ukabaki. Kwa wengine wanne malaria na dalili vilikaribiana, lakini watafiti walikataa kuunganisha: watoto wa Tanzania huugua malaria mara nyingi, na viwili vinaweza kukutana bila kuhusiana. Uangalifu huo ndio Wakefield alioukosa.

Katika pwani ya Kenya, Joseph Gona na wenzake waliwahoji wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa na kuchapisha mwaka 2015. Walitajiwa pepo, uchawi na laana, lakini pia matatizo ya uzazi, maambukizi na kurithi, mara nyingi kutoka kinywa kimoja. Vivyo hivyo tiba: hospitali asubuhi, mganga jioni. Sioni kama wazazi hao wamepotoka kuliko wataalamu wa Chicago. Angalau wao hawakuweka kisababu kimoja tu.

Kilifi sasa ni mmoja wa miji miwili ya mradi wa NeuroDev, mwingine ukiwa Cape Town, unaokusanya vinasaba vya watoto na wazazi wao, kwani karibu kila kinachojulikana kuhusu jeni za usonji kimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Shirika la Afya Duniani nalo limetunga mafunzo kwa walezi: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, vikiongozwa na watu wasio mabingwa. Mzazi hufundishwa kukaa usawa wa macho ya mwanawe, kutazama anachokipenda na kujiunga naye. Kenya na Ethiopia ni miongoni mwa nchi ambako mafunzo hayo yamewekwa kwenye mizani, kundi lililofundishwa likilinganishwa na lisilofundishwa.