MVUA, DENI NA BUNI ZETU: HABARI ZA KARAGWE NA KYERWA

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha chama chetu kikuu, hesabu za magunia na za mapato zina mahali pake pengine. Sisi tumepewa kurasa hizi kueleza jambo ambalo halionekani katika vitabu vya hesabu, ijapokuwa kila mwanachama alijua tangu utoto wake: yaani mvua inayonyesha wakati wa kuanika kahawa, na ni nani aliyeibeba hasara yake tangu zama za wazee wetu hata leo.

Mtu wa nje akiambiwa kwamba mvua imemfukarisha mkulima, mawazo yake huenda kwenye mafuriko na mimea iliyozama. Kwetu sivyo. Nchi yetu ni ya vilima, maji hushuka mabondeni, na mbuni uliosimama katika kivuli cha migomba hustahimili masika makubwa. Ni kweli kwamba mvua kali ikipiga maua yaliyokwisha kufunguka, uzao hupungua, maana robusta haijichavushi yenyewe, bali hungoja chavua ya mti mwingine iletwe na upepo au wadudu. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi huja baadaye, buni zikiwa zimekwisha chumwa na mkulima akidhani kwamba kazi imekwisha.

Kahawa yetu nyingi huuzwa ikiwa ya maganda. Huchumwa mbivu, huanikwa na ganda lake, na kukauka kwake hutaka jua la majuma mawili au zaidi. Kilo 5 hivi za buni mbivu hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi. Mengi ya yale mengine ni maji, na maji hayo hayana budi kutolewa na jua la Mungu. Mavuno huanza mwezi wa Mei, wakati masika hayajakata vizuri, na ya mwisho huchumwa mwezi wa Septemba na Oktoba, vuli ikiwa imekwisha bisha hodi. Katikati ndipo penye kiangazi. Masika yakichelewa kuondoka, au vuli ikiwahi, buni hubaki mkekani zikiwa na unyevu, huota ukungu, hugeuka rangi na kunuka. Mama wa nyumba huziingiza ndani kila wingu linapotanda, na kuzitoa tena, na kuziingiza, hata chumba cha kulala kikawa ghala.

Zama za ufalme wa Karagwe jambo hili halikuwa na uzito huo. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanika mwaka 1861, buni katika nchi hizi zilikuwa za kutafuna na za kumkirimu mgeni. Zilichemshwa zikakaushwa, na zilizooza zilitupwa. Hapakuwa na mtu aliyedaiwa kwa sababu yake. Utajiri ulikuwa ng'ombe. Serikali za kigeni zilipotaka kodi kwa fedha taslimu, ndipo buni zilipogeuka kuwa shilingi, na siku ya jua ikawa na thamani yake.

Karagwe wakati huo ilikuwa chini ya wilaya ya Bukoba, na serikali ya Waingereza iliona kwamba dawa ya kahawa mbovu ni amri. Kanuni za utunzaji wa mibuni zilizusha ghasia Bukoba mwaka 1937. Wako wanaosema kwamba wazee walikuwa wakaidi tu. Sisi hatukubali. Amri ilimtaka mkulima aongeze kazi na gharama, nayo haikumwahidi lolote iwapo mvua au bei itamwangusha. Hatari yote iliachwa juu ya mabega yake. Mwaka 1950, Bukoba Native Cooperative Union ilipoanzishwa, wakulima wenyewe walipata chombo cha kukusanya kahawa ya wengi na kuiuza kwa pamoja, hata hasara ya mmoja ikaweza kugawanywa.

Mvua kubwa zilizokuja mwishoni mwa mwaka 1961 zingali zikitajwa. Uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba mwaka ule, ulizaliwa katika matope, na Ziwa Viktoria likaendelea kupanda hata kufikia mwaka 1964 lilikuwa limeinuka kwa zaidi ya mita 2. (Walio wazee wetu hupenda kusema kwamba uhuru ulikuja na baraka zake. Hatubishani nao.)

Vyama vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976, na kahawa ikawekwa chini ya Mamlaka ya Kahawa. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama chake kikuu, KDCU. Saa ilikuwa mbaya. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya dunia ya kugawana mafungu ya kahawa yalikuwa yamevunjika, na bei ikaanguka vibaya sana. Mwaka 1994 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ikaruka juu. Na wanunuzi binafsi, ambao sheria ilikuwa imekwisha wafungulia mlango, wakaingia vijijini na fedha mkononi. Ikafuata mvua ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, ambapo vuli iliungana na masika. Mnunuzi mwenye gari huja pale gari linapopita. Barabara ikiwa tope, haonekani. Na hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu.

Msomaji wa Nkwenda, Kaisho, Nyaishozi au Ihembe hana haja ya kuelezwa maana ya butura. Kwa ajili ya wageni wetu twasema: ni kuuza kahawa ingali ua mtini. Mwezi wa Februari au Machi ada ya shule yadaiwa, au mtoto augua. Akiba ya msimu uliopita imekwisha. Anakuja mtu na fedha, na mkulima anaahidi magunia kwa bei ya huruma. Tufanye hesabu ya mfano. Mkulima apokea shilingi 200,000 mwezi wa Machi, kwa ahadi ya kilo 200 za maganda, kila kilo ikihesabiwa shilingi 1,000. Mwezi wa Julai kilo ile ile yauzwa shilingi 1,500. Amelipa 300,000 kwa mkopo wa 200,000 katika miezi minne. Hakuna benki ambayo ingethubutu kutoza riba kama hiyo waziwazi.

Lakini hiyo ni nusu ya habari. Tuseme mvua haikukatika, na kilo 60 zikaoza mkekani. Deni halipungui hata kilo moja. Aliyetoa fedha hakubeba mvua. Aliyebeba ni yule yule aliyekuwa hana kitu mwezi wa Machi, naye sasa analazimika kuuza tena maua ya mwaka ujao. Ndiyo maana twasema kwamba butura si uovu wa tabia tu, wala haukomeshwi kwa makatazo peke yake, ijapokuwa makatazo yamekuwapo mengi. Huzaliwa katika ule muda kati ya haja na malipo, na kila siku ya mvua huurefusha muda huo.

Kwa hiyo chama hupimwa hapo. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yetu ipitie vyama vya msingi badala ya wanunuzi binafsi. Nia ilikuwa njema, lakini palipotokea kucheleweshwa kwa malipo, wakulima walilalamika, na njia za usiku za kuelekea Uganda hazikukosa wapitaji. Mtu hawezi kulaumiwa sana kwa kukimbilia fedha taslimu ikiwa ya kwake imekaa kwenye karatasi. Baadaye minada ilisogezwa karibu na mkulima, naye akaisikia bei kwa masikio yake. Badiliko hilo twalisifu bila kigugumizi.

Kyerwa ilipokuwa wilaya mwaka 2012, baadhi yetu tulidhani ushirika nao utagawanyika. Mvua haikugawanyika. Mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilivunja rekodi ya vipimo vyake vya zamani, na wanaofuatilia hali ya hewa watuambia tutarajie misimu isiyotabirika kuliko ile ya wazee. Bei nayo imekuwa na kichaa chake: mwezi wa Septemba 2024 robusta ilipita dola 5,000 kwa tani katika soko la London, baada ya ukame kuzipiga nchi nyingine. Bei kubwa haipunguzi hatari ya mvua. Huizidisha, maana gunia lililooza katika mwaka wa bei nzuri ni hasara kubwa kuliko lililooza katika mwaka mbaya.

Bima ya kilimo imeanza kuzungumzwa sana, nasi twaikaribisha, ila wanachama waisome kwa makini kabla ya kutia sahihi. Bima nyingi za namna hiyo hutazama mmea ukiwa shambani: mvua ilikosekana, au ilizidi kiasi fulani. Kahawa yetu huharibika ikiwa imekwisha toka shambani, juu ya mkeka. Mwenye bima aweza kusema, na kwa haki ya mkataba wake, kwamba mavuno yalikuwa mema.

Yaliyo mikononi mwetu ni madogo zaidi, nayo yana bei inayojulikana: vichanja vilivyoinuliwa kutoka ardhini, turubai za kufunikia, kipima unyevu katika kila chama cha msingi ili mizani isigeuke uwanja wa ugomvi, na mkopo mdogo wa chama utolewao kabla ya mavuno. Huo mkopo una siku zake. Ukitolewa Juni, mwanachama atashukuru, lakini maua yake yatakuwa yamekwisha uzwa. Mwenye butura hupita mwezi wa Februari na Machi, naye hupita nyumba kwa nyumba.