Mkuza Kabla ya Lami: Reli Zilizofungwa na Njia za Baiskeli katika Miji Mitatu ya Pwani ya Ayalandi

Mijadala ya usafiri wa baiskeli huanza na maswali ya kihandisi: njia iwe na upana gani, iwekwe lami au changarawe, vivuko vikae wapi. Makala haya yanadai kwamba maswali hayo huja baadaye. Mji wa pwani hupata au hukosa njia ndefu ya baiskeli isiyo na magari kutokana na hatima ya kisheria ya mkuza, yaani ukanda mwembamba wa ardhi uliobeba reli, na mara nyingi hatima hiyo iliamuliwa miongo mingi kabla ya mtu yeyote kuwazia utalii wa baiskeli. Ushahidi unatolewa katika miji mitatu ya Ayalandi: Dungarvan katika kaunti ya Waterford, Westport katika Mayo na Cahersiveen katika Kerry. Yote iko ufukweni, yote ilifikiwa na reli katika karne ya 19, na kila mmoja uliona angalau njia moja ya reli ikifungwa. Tofauti yake iko katika swali moja: baada ya treni ya mwisho kupita, ardhi ilikwenda kwa nani?

Urithi wa injini ya mvuke

Sababu ya kuitazama reli ni ya kijiografia. Mji wa pwani hubanwa kati ya bahari na vilima. Mara nyingi barabara kuu inayopita kando ya maji ni moja tu, na malori, mabasi ya watalii na magari ya wenyeji yote huigombea. Anayesafiri kwa baiskeli akiwa na mizigo, au akiwa na watoto, hana pa kukimbilia. Akitafuta njia ya vijijini, hukutana na miinuko mikali inayoshuka hadi kwenye mdomo wa mto na kupanda tena.

Reli ililitatua tatizo hili kwa sababu injini ya mvuke haikuwa na uwezo wa kupanda. Wahandisi walilazimika kuweka mwinuko ambao kwa kawaida hauzidi mita moja au mbili kwa kila mita mia. Walikata milima, wakajaza mabonde kwa matuta, wakavusha madaraja juu ya mito. Gharama hiyo ilikwisha kulipwa zamani, na hakuna halmashauri ya leo ambayo ingethubutu kuibeba kwa ajili ya baiskeli peke yake.

Ballyvoyle, mashariki ya Dungarvan, inaonyesha jambo hili wazi. Anayetoka upande wa Waterford huingia kwenye handaki la mita 400 hivi, lililojengwa miaka ya 1870, ambalo kuta zake zina unyevu mwaka mzima. Akitoka upande wa pili hukutana na daraja refu lililolipuliwa mwaka 1922 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha likajengwa upya. Muda mfupi baadaye bahari hufunguka upande wa kushoto. Mwendesha baiskeli amevuka kilima na korongo bila kupanda wala kushuka kwa namna ya kumchosha, na hakukutana na gari hata moja.

Dungarvan: ardhi iliyobaki kwa umma

Reli ya Waterford hadi Dungarvan ilifunguliwa mwaka 1878, na treni za abiria zikakoma mwaka 1967. Hata hivyo reli haikufa papo hapo. Kiwanda cha magnesia kilichokuwa Ballinacourty, nje kidogo ya mji, kilihitaji mawe ya dolomaiti, na treni za mizigo ziliyaleta hadi mwaka 1982. Kwa kuwa mataruma na vyuma vilikuwa bado vinatumika, shirika la uchukuzi la taifa, CIÉ, halikuigawa ardhi wakati reli nyingine nyingi zilipokuwa zikiuzwa vipande vipande.

Matokeo yake yalionekana Machi 2017, ilipofunguliwa Waterford Greenway, njia ya kilomita 46. Halmashauri haikulazimika kujadiliana na kila shamba, kwa sababu mwenye mkuza alikuwa mmoja, na mmoja huyo ni chombo cha umma. CIÉ ilibaki kuwa mmiliki na halmashauri ikapewa haki ya kutumia. Mpango huu pia unaliachia taifa nafasi ya kurudisha treni siku moja. Uhifadhi wa namna hii haukupangwa na yeyote. Ulikuwa zao la bahati ya kiwanda, lakini funzo lake halitegemei bahati: mkuza uliobaki mzima hubaki na matumizi ambayo waliouacha hawakuyafikiria.

Westport: nguvu na udhaifu wa ridhaa

Westport ni kinyume cha Dungarvan. Reli ya kwenda Achill ilikamilika mwaka 1895 na ikafungwa mwaka 1937. Ilipita katika eneo la ufukara mkubwa, na miongoni mwa abiria wake walikuwa vibarua vijana waliokwenda kuvuna viazi Uskoti. Baada ya kufungwa, ardhi iliingia katika mashamba yaliyopakana nayo. Miaka sabini baadaye, tuta la reli lilikuwa malisho ya kondoo na mali halali ya familia nyingi.

Hata hivyo njia ilipatikana. Sehemu ya Newport hadi Mulranny ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka uliofuata Great Western Greenway ya kilomita 42 ikakamilika. Wamiliki zaidi ya mia moja walikubali umma upite bila kuuza ardhi yao na bila kudai haki hiyo iwe ya kudumu. Mkataba huo unaonekana njiani: malango na vizuizi vya mifugo humlazimisha mwendesha baiskeli kupunguza mwendo, wakati mwingine kushuka, ili mkulima avushe wanyama wake kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine. Kila lango ni kifungu cha makubaliano kilichosimikwa ardhini.

Kasi ya mradi huo ilikuwa ya kusifiwa, na wengi wameufanya kielelezo cha ushirikishwaji wa jamii. Sifa hizo zina haki yake, lakini zisitufumbe macho. Ridhaa ni ya mtu. Shamba likiuzwa au likirithiwa, mmiliki mpya anaweza kuwa na mawazo mengine, na shamba moja likitoka katikati linatosha kuvunja safari nzima. Barabara ikikatika mahali pamoja, dereva huzunguka. Njia ya baiskeli ikikatika mahali pamoja, msafiri hurudishwa kwenye barabara kuu ileile aliyokuwa akiikimbia, nayo katika eneo hili ni N59.

Cahersiveen: utwaaji na gharama yake

Kerry ilijaribu njia ya tatu. Reli iliyopita pwani ya kaskazini ya rasi ya Iveragh ilifunguliwa mwaka 1893 na kufungwa mwaka 1960, na ardhi yake ikaenda kwa wakulima. Baadhi yao walipokataa kuiachia, halmashauri iliomba mamlaka ya kutwaa ardhi kwa lazima. Bodi ya mipango iliidhinisha kilomita 27 mnamo Novemba 2020, na wapinzani wakaenda mahakamani. Kwa hiyo njia fupi kuliko ya Mayo ikachukua muda mrefu mara kadhaa zaidi.

Wapo wanaoona hapa ubinafsi wa wakulima, lakini hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mkulima ambaye shamba lake linapasuliwa katikati anapoteza zaidi ya upana wa njia: anapoteza urahisi wa kuhamisha ng'ombe, faragha ya nyumba yake, na uhakika kwamba serikali haitarudi kudai kipande kingine. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2021 kwa ajili ya miradi ya namna hii zilikubali ukweli huo, zikaweka mazungumzo na makubaliano ya hiari mbele ya utwaaji wa lazima. Ni mwelekeo sahihi, ingawa umekuja baada ya uhasama kuota mizizi.

Pingamizi na mipaka

Kuna pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza husema kwamba njia hizi ni anasa ya watalii wanaofunga baiskeli nyuma ya gari, wanaendesha hadi maegesho, wanapiga baiskeli kilomita chache na kurudi. Hilo hutokea. Lakini linatokana zaidi na mahali njia inapoanzia kuliko na njia yenyewe. Ikianzia sokoni, shuleni na kwenye stesheni inayofanya kazi, mwenyeji huitumia siku za kazi na mgeni huifikia bila gari. Ikianzia kwenye maegesho nje ya mji, imekwisha kuchagua watumiaji wake.

Ya pili ni nzito zaidi: kuwapa waendesha baiskeli njia yao ni kuikabidhi barabara kwa magari moja kwa moja. Jibu ni kwamba mkuza wa reli hufaa safari ndefu kati ya miji, na hauwezi kuchukua nafasi ya mitaa yenye mwendo mdogo ndani ya miji hiyo. Serikali inayojenga cha kwanza na kuacha cha pili imefanya nusu ya kazi.

Swali kwa pwani yetu

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu zake. Unguja ilipata reli ya maili saba hivi kutoka mjini hadi Bububu mwaka 1905, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Huduma yake ilikoma katika miaka ya 1920, na leo anayetoka mjini kwenda Bububu kwa baiskeli huchangia barabara na daladala. Mtwara ilipata reli kwa ajili ya Mpango wa Karanga, mradi wa kilimo wa enzi ya ukoloni, nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tanzania Bara, ambako Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaiweka ardhi yote chini ya Rais kama mdhamini wa umma, haikabiliwi na tatizo la Mayo kwa sura ileile. Hata hivyo, wenye haki za kimila na waliojenga ndani ya hifadhi ya reli nao wana madai, na kuwaondoa kwa bomoabomoa ni kurudia kosa la Kerry kwa ukali zaidi.

Pendekezo la makala haya ni la kisera na halina gharama kubwa. Reli, bomba au barabara ya zamani inapoachwa, uamuzi wa kuifunga uambatane na uamuzi wa kuuhifadhi mkuza wake ukiwa mzima, chini ya chombo kimoja, na walio jirani wapewe haki zilizoandikwa za kulima, kuchunga na kuvuka kwa muda. Kuushikilia mkuza siku ya kufunga hugharimu kazi ya karani na mpimaji. Kuukusanya upya baada ya nusu karne kunahitaji wanasheria, fidia na mahakama, na hata hapo mafanikio hayana uhakika.