Nani Ampime Mtoto Aliyefundishwa Nyumbani? Fundisho kutoka Historia ya Kanisa katika Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Mzazi anayemfundisha mtoto wake nyumbani aweza kuwa mwalimu mwema kuliko wengi wenye cheti. Hata hivyo linabaki swali: ni nani atakayethibitisha mbele ya jamii kwamba mtoto huyo ameelimika? Swali hili si geni katika Kanisa la Kilutheri, nalo lina historia yake huku Kyela.

Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 ilikusudiwa baba mwenye nyumba, awafundishe walio nyumbani mwake. Lakini tusisahau kilichoitangulia. Mwaka 1528 Luther alishiriki katika ukaguzi wa sharika za Saksonia, akakuta Wakristo wengi, hata baadhi ya wachungaji, hawajui misingi ya imani. Basi ukaguzi ndio uliozaa kitabu cha kufundishia nyumbani. Wasweden waliyaunganisha mambo hayo mawili kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686. Wazazi walifundisha kusoma. Mchungaji naye alizizungukia nyumba, kwa desturi mara moja kwa mwaka, akawasikiliza watu wakisoma na kueleza katekisimu, akaandika kitabuni maarifa ya kila mmoja. Sheria iliyoagiza kila parokia iwe na shule ilitungwa mwaka 1842 tu, wakati ambapo watu wengi walikwisha kujua kusoma.

Huku kwetu, wamisionari wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, pamoja na wale wa Moravian, walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891. Hawakukuta watu wasio na malezi. Kwa Wanyakyusa, wavulana wa miaka kama kumi walihama nyumba za baba zao wakajenga kijiji cha rika lao, wakafunzana adabu na ujirani. Kutoka vituo kama Ikombe na Ipiana, elimu ya kusoma ilienezwa vijijini na walimu wenyeji. Kipimo chake kikubwa kilikuwa maswali ya kabla ya ubatizo. Walimu hao ndio walioiendeleza kazi baada ya mwaka 1916, vita ilipowaondoa wamisionari Wajerumani na Waskoti wa Livingstonia wakashika uangalizi.

Kisha kipimo kikabadilika. Baada ya mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925, Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya elimu mwaka 1927. Shule iliyofuata mtaala wa Serikali, ikawa na walimu waliotambuliwa na kukubali kukaguliwa, iliweza kupata ruzuku. Shule ndogo za vijijini, ambazo Waingereza waliziita za vichakani, zilibaki nje. Mtoto aliyetoka humo aliweza kusoma Maandiko, lakini usomaji wake haukumfungulia mlango wa shule ya juu wala wa kazi. Hakukosa akili, bali alikosa mtu wa kumpima kwa kipimo kinachokubaliwa.

Hatari hiyo haijapita. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 humdai mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hufanywa kupitia shule iliyosajiliwa. Jina lisilo katika orodha ya shule halimo katika mtihani. Kwa waliokosa shule, mpango wa MEMKWA, ulioanza kwa majaribio mwaka 1999, uliwapa njia ya kurudi katika mfumo. Na aliyekosa sekondari aweza kufanya Mtihani wa Maarifa ili awe mtahiniwa wa kujitegemea.

Basi mchungaji wa ufuko huu, ambako mtoto huitwa kuamia ndege mpungani au kusaidia uvuvi, asitosheke kuuliza kama mwanakipaimara anajua Amri Kumi. Amwulize pia jina lake limeandikwa shule gani, na awahimize wazazi mapema, kabla ya upimaji wa darasa la nne. Mafundisho ya nyumbani yaendelee kwa bidii, maana ndiyo mizizi yetu. Lakini baba zetu wa imani hawakuyaacha bila mkaguzi, nao hawakumpima mtoto ili kumwaibisha, bali ili asiachwe nyuma pasipo mtu kujua.