Kabla ya Baruapepe

Mtoto wa mjomba wangu anaishi Tanga, mimi niko Lunga Lunga. Kati yetu kuna kituo cha mpaka na simu zinazochanganyikiwa: ukisogea kidogo kuelekea Horohoro, laini yako ya Kenya inakukaribisha Tanzania. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe: "Nitajie waandishi unaowapenda, wale wanaomtumia msomaji makala moja kwa moja. Mahusiano, utamaduni, siasa. Nimechoka na Wamarekani." Anaolewa mwezi wa kumi na mbili na nyumbani ugomvi wa gharama za harusi umeshaanza, kwa hiyo sikumuuliza kwa nini mahusiano ameyatanguliza.

Nikakaa na simu mkononi. Kumbe waandishi wangu wa aina hiyo karibu wote ni wa zamani: watu ambao hawakumsubiri mchapishaji, karatasi zao zikapita mkono kwa mkono.

Wa kwanza niliyemtajia ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akaigawa kwa watu. Mwaka 1932 ikafuata Al-Islah, gazeti la Kiswahili na Kiarabu. Wakati huo Mombasa ilikuwa chini ya Waingereza, ingawa kwenye makaratasi ukanda wa pwani bado ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar. Watu wa pwani walikuwa wanaona ardhi na heshima zikiwaponyoka, na wengi hawajui waanzie wapi kujitetea.

Sheikh alifuatilia mijadala ya Cairo, ya akina Muhammad Abduh na Rashid Rida, lakini alichoandika kilikuwa cha mtaani kabisa. Harusi zinazowaacha watu na madeni. Wasichana wasiosomeshwa. Vijana wanaomuiga Mzungu katika mavazi na starehe, halafu lile la Mzungu lenye faida, yaani elimu na bidii, wanaliacha palepale. Waliogombwa hawakuwa watu wa mbali. Walikuwa majirani zake, na kesho yake angekutana nao njiani. Hilo ndilo linalonivuta kwake. Kuna mwandishi anayekukosoa kutoka ng'ambo, na kuna anayekukosoa huku akijua atakaa nawe kwenye mkeka mmoja msibani.

Sikubaliani naye kila mahali. Hata anapotetea elimu ya wasichana, hoja yake inaegemea sana malezi ya watoto, kama vile msichana hana haja ya kujua kitu kwa ajili yake mwenyewe. Tena mwaka huohuo wa 1932 akawa kadhi wa Mombasa, na 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo kilichokuwa ndani ya serikali ya kikoloni. Mkosoaji akaingia ofisini. Usaliti? Sidhani, ila nikisoma makala zake, zilizokusanywa baadaye katika kitabu Uwongozi, siachi kulifikiria. Alifariki 1947. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliandika kwa Kiingereza na akajulikana dunia nzima. Baba aliandika kwa Kiswahili, na leo ukimtaja kwa vijana wenzangu wanauliza, "Nani huyo?"

Kwa mahusiano nilimpa Mwana Kupona, ingawa kwa wasiwasi. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha za ndoa na maisha. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, mtu aliyepambana na utawala wa Zanzibar kwa miaka mingi. Kwa hiyo usidhani hii ni sauti ya mama asiyejua siasa. Lakini anachomwambia binti ni kwamba radhi za mume zihesabiwe pamoja na za Mungu, Mtume, baba na mama. Ukisoma hivyo tu utakasirika. Mimi pia nilikasirika. Baadaye nikaanza kuona mama anayejua kwamba anakufa, anayemwachia mtoto silaha pekee alizoziona zikifanya kazi katika nyumba za wakati ule. Aliyeandikiwa ni mtu mmoja, kisha wanawake wengine wakainakili na kuihifadhi.

Wa tatu ni mtu wa kwao. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, na kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha. Mimi niliyekulia nikitazama malori yakipanga foleni kusubiri muhuri hucheka nikikumbuka hilo. Vitabu vyake tumelazimishwa shuleni hadi tukavichukia, lakini soma barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958. Zilichapishwa kitabu kizima. Humo si sanamu la fasihi bali ni kaka anayemwandikia mdogo wake.

Siasa nilimwachia Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa. Agosti 1968 wagombea wa KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga, walienguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa kwa kisingizio kwamba fomu zao hazikujazwa sawasawa. Novemba, Abdilatif, kijana wa miaka 22, akaandika waraka uitwao Kenya: Twendapi?, ukasambazwa kwa siri. Kwa karatasi hizo chache alifungwa miaka 3, hadi 1972. KPU yenyewe ilipigwa marufuku Oktoba 1969. Gerezani alitunga mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilitoka 1973, na mwaka uliofuata kikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Ndiyo, Kenyatta huyohuyo.

Nilituma majina yote manne usiku. Asubuhi nikakuta jibu. Makala ya Sheikh kuhusu gharama za harusi aliitaka haraka, nimpigie picha ukurasa mzima, atamsomea mjomba mbele ya mashangazi. Barua za Shaaban Robert ataziulizia mjini Tanga. Za Abdilatif baadaye, akili ikitulia.

"Na huyo mama wa Siu," akaandika, "nimempenda. Lakini mwambie mume naye alitakiwa aandikiwe utenzi wake."