Paul Robeson: Jukwaa Lilimwachia, Mkasi Ulimnyang'anya

Mwaka 1934, katika studio za Shepperton karibu na London, Mkikuyu mmoja aliyekuwa Uingereza kutetea ardhi ya watu wake alivalishwa mavazi ya chifu, akasimama pamoja na waigizaji wa kujazia picha. Alikuwa Jomo Kenyatta. Mbele yao, akiwa amevaa ngozi ya chui, alisimama nyota wa filamu hiyo, Mmarekani mweusi Paul Robeson. Sinema iliitwa Sanders of the River.

Robeson aliingia katika kazi ile kwa moyo mweupe. Wakati huo alikuwa akisomea lugha za Kiafrika mjini London, Kiswahili kikiwamo, na mwongozaji Zoltan Korda alikuwa amerudi kutoka Afrika na picha za ngoma na nyimbo halisi. Robeson aliamini kwamba hatimaye dunia ingeuona utamaduni wa Mwafrika kwa heshima yake. Filamu ilipotoka mwaka 1935, shujaa alikuwa ofisa wa kikoloni, na Bosambo, mhusika wa Robeson, alikuwa chifu mtiifu kwake. Robeson alilalamika kwamba maana hiyo ilipachikwa mwishoni, baada ya yeye kukubali kazi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo maisha yake ya uigizaji yanapofunguka tukayaelewa: kwenye filamu, anayeshika mkasi ndiye anayeamua mwigizaji amesema nini.

Hakupangiwa kuwa mwigizaji. Alizaliwa Princeton, New Jersey, mwaka 1898, mwana wa mchungaji aliyetoroka utumwani. Alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1923, akaajiriwa katika ofisi ya mawakili, kisha akaondoka baada ya karani mzungu kukataa kuandika maneno yatokayo kinywani mwa mtu mweusi. Mwaka uliofuata alikuwa jukwaani katika tamthilia za Eugene O'Neill. Mwaka 1925 Oscar Micheaux akamwingiza kwenye sinema bubu, Body and Soul. Inasikitisha kuitazama: sauti nzito kama ile, na haisikiki hata neno.

Jukwaani mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1930, katika ukumbi wa Savoy, London, alimcheza Othello wa Shakespeare, Peggy Ashcroft akiwa Desdemona, mke wa Othello. Matamshi alifundishwa na Amanda Aldridge, binti wa Ira Aldridge, mwigizaji mweusi aliyekuwa amemcheza Othello huko Uingereza karne moja kabla yake. Mama huyo alimpa hereni ambazo baba yake alizivaa katika nafasi hiyohiyo. Hata hivyo Robeson alikiri baadaye kwamba wiki za mwanzo alikuwa akimkwepa Desdemona, kwa hofu ya mwanamume mweusi kumgusa mwanamke mzungu hadharani. Hofu hiyo alikuja nayo kutoka nyumbani Marekani.

Ndiyo maana Othello ya New York ina uzito wake. Ilifunguliwa katika ukumbi wa Shubert mwezi Oktoba 1943, Uta Hagen akiwa Desdemona, ikachezwa mara 296. Hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imedumu hivyo Broadway. Ilipozungushwa mijini, Robeson alikataa kumbi zilizowatenga watazamaji weusi. Hapo hapakuwa na mhariri wa kumkata. Kila usiku aliyabeba maneno yake mwenyewe mpaka pazia lishuke. Filamu alikuwa ameshazipa kisogo tangu Tales of Manhattan ya mwaka 1942, alipoona weusi wamechorwa tena kama wajinga.

Kwa kuwa jukwaa halikukatika kwa mkasi, serikali ya Marekani ilitafuta njia nyingine. Mwaka 1950 ilimnyang'anya pasipoti kwa sababu ya siasa zake, na kumbi za nyumbani nazo zikamfungia milango. Miaka minane ya ukomavu wa mwigizaji ilipotea hivyo, na hakuna onyesho linaloweza kuirudisha.

Aliporudishiwa pasipoti mwaka 1958, alirudi kwa Othello. Mwaka 1959 alimcheza Stratford-upon-Avon, mji wa Shakespeare mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 61 na ametoka kuugua. Hatua zilikuwa zimepungua kasi. Sauti ilifika mpaka viti vya nyuma. Msimu ulipokwisha, hakuigiza tena.