Ukumbi wa Leipzig na Siku Zake Mbili

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nimeukumbuka usemi huo nikiwa safarini katika mji wa Leipzig, mashariki ya Ujerumani, nimesimama mbele ya jumba la muziki liitwalo Gewandhaus. Mji huo si mgeni kabisa kwetu. Enzi za Ujerumani Mashariki vijana wengi wa Kiafrika, wakiwamo Watanzania, walipitia Leipzig kujifunza Kijerumani kabla ya kuendelea na vyuo vikuu.

Kwa nje jumba lenyewe ni zege na vioo tu. Lakini nilinunua tikiti, nikaingia. Ndani nilikuta viti kama 1,900 vimepanda ngazi kwa ngazi kuizunguka jukwaa ya wapiga muziki, na nyuma yao kinanda kikubwa cha mabomba kinachofika karibu na dari. Kwenye kinanda hicho yameandikwa maneno machache ya Kilatini. Nilimwuliza mzee aliyekaa kando yangu maana yake. Akaniambia yanasema kwamba furaha ya kweli ni jambo zito.

Nilishangaa. Watu wamekuja kustarehe, na ukutani wanakumbushwa uzito! Nilipoitafuta historia ya ukumbi huo, ndipo nilipofahamu.

Gewandhaus kwa Kijerumani ni nyumba ya nguo. Leipzig ni mji wa biashara tangu kale, na wenye majora ya vitambaa walikuwa na jumba lao la kuuzia. Zamani hizo, katika sehemu kubwa ya Ulaya, kuwa na orkestra ya kudumu lilikuwa jambo la wafalme na watawala. Mpiga fidla alikula mkate wa bwana mkubwa, naye alipiga alichoamriwa. Leipzig haikuwa na mfalme wake anayekaa mjini. Mwaka 1743 wakazi 16, wengine wafanyabiashara, walichangishana fedha wakaunda chama cha muziki chenye wapigaji 16. Walianzia majumbani, kisha wakahamia ukumbi wa nyumba ya wageni. Mwaka 1781 wakatengeneza ukumbi darini, juu kabisa ya ile nyumba ya nguo. Uliingiza watu 500 hivi, wakikaa safu mbili zinazotazamana kama abiria wa kivuko. Yale maneno ya Kilatini yaliandikwa huko kwanza, na jina la Gewandhaus limeifuata orkestra hadi leo.

Mwaka 1835 alikuja kuiongoza kijana wa miaka 26, Felix Mendelssohn. Babu yake alikuwa mwanafalsafa mashuhuri wa Kiyahudi, ingawa Felix mwenyewe alibatizwa angali mtoto. Aliinua kiwango cha wapigaji, akawapigania mishahara, na mwaka 1843 akaanzisha chuo cha muziki. Tena alifufua kazi za waliokwisha kufa. Franz Schubert alifariki mwaka 1828 akiacha simfoni kubwa ambayo haijapata kupigwa hadharani. Mendelssohn aliipiga hapo mwaka 1839, na ulimwengu ukaijua. Alipofariki mwaka 1847 Leipzig ilimlilia kama mtoto wake.

Mji ulipokua, ukumbi wa darini ukawa mdogo. Mwaka 1884 ulifunguliwa wa pili, mkubwa na wa fahari, hata watu wa Boston, Marekani, walipojenga wa kwao uliofunguliwa mwaka 1900, waliuiga huo. Mbele ya lango wakazi wa Leipzig wakasimamisha sanamu ya Mendelssohn mwaka 1892.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye siku ya kwanza kati ya mbili ninazotaka kuzisimulia.

Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, aliyekuwa akiiongoza orkestra ni Bruno Walter, Myahudi. Mwezi Machi mwaka huo alizuiwa kuongoza, akaondoka nchini. Bado sanamu ilikuwa pale mlangoni. Meya wa mji, Carl Goerdeler, alikataa isiondolewe. Novemba 1936 Goerdeler akiwa safarini, sanamu ilivunjwa usiku. Siku hizo hizo orkestra ya London ilikuwa mjini kupiga muziki katika ukumbi huo. Wageni walikwenda na shada la maua kumheshimu Mendelssohn, wakakuta mahali patupu! Goerdeler alijiuzulu. Baadaye alijiunga na waliopanga kumpindua Hitler, na mwaka 1945 akanyongwa.

Ndugu msikilizaji, jambo linalonisumbua ni hili. Baada ya usiku ule milango ya ukumbi iliendelea kufunguliwa. Watu waliovaa vizuri walipita kando ya shimo lililoachwa na sanamu, wakatoa tikiti, wakakaa, wakapiga makofi. Muziki ulikuwa mzuri vilevile. Yale maneno ya furaha ya kweli yalikuwapo. Muziki haukumzuia mtu kunyamaza.

Mabomu ya vita yaliuharibu ukumbi mwaka 1943 na 1944, na magofu yake yakabomolewa mwaka 1968. Orkestra ikawa kama mpangaji, kwa miaka mingi ikipiga katika ukumbi ulio jirani na bustani ya wanyama. Aliyekuwa kiongozi wake tangu 1970, Kurt Masur, alihangaika mno kuitafutia nyumba, na serikali ya Ujerumani Mashariki ikakubali kujenga. Ukumbi wa tatu, huu nilioingia mimi, ulifunguliwa Oktoba 1981. Masur alikuwa mtu aliyepewa heshima na wakubwa. Alikuwa na kitu cha kupoteza.

Siku ya pili ni Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 1989. Kila Jumatatu watu walikuwa wakikusanyika kanisani kwa Mtakatifu Nikolai kuombea amani, kisha wakiandamana kudai uhuru. Siku tatu kabla, gazeti la mji lilichapisha barua ya kamanda wa mgambo akitishia kutumia silaha. Kila mtu alikumbuka damu iliyomwagika Beijing mwezi Juni mwaka huo huo. Askari walijaa mitaani.

Mchana huo watu sita walikutana: Masur, mwanateolojia mmoja, msanii mmoja wa vichekesho, na makatibu watatu wa chama tawala katika mkoa. Waliandika tamko fupi la kuahidi mazungumzo na kuwaomba wote watulie. Lilisomwa makanisani, na sauti ya Masur ikasikika kwenye vipaza sauti vya mitaani. Watu wapatao 70,000 waliandamana jioni ile. Haikufyatuliwa risasi hata moja. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka.

Tusimpe mtu mmoja sifa zote. Waliotembea barabarani ndio waliohatarisha maisha yao, na wale makatibu watatu nao walithubutu kutia majina yao bila ruhusa ya wakubwa wa Berlin. Lakini watu waliitambua ile sauti, na waliiamini. Na kabla ya mwezi ule kwisha, Gewandhaus ilifungua milango yake si kwa ajili ya muziki, bali wananchi waje waseme na wenye madaraka waje wasikilize.

Nyumba mbili tofauti, jina moja, maandishi yale yale. Mwaka 1936 ukumbi ulikuwa mzuri na ukanyamaza. Mwaka 1989 ukumbi ulisema. Sababu haikuwa kuta wala kinanda, ilikuwa watu waliokuwamo. Nadhani sasa naelewa kwa nini furaha imeitwa jambo zito. Raha inayotaka tusione shimo lililo mlangoni ni raha ya kununua kwa tikiti tu.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda hadi kanisa la Mtakatifu Thomas. Karibu na hapo pamesimama sanamu ya Mendelssohn, iliyotengenezwa upya kwa mfano wa ile ya zamani na kuwekwa mwaka 2008, miaka 72 baada ya kuvunjwa. Kulikuwa na mvua nyepesi. Mtu mmoja alikuwa ameacha maua chini yake.

Sisi nasi tunajenga kumbi katika miji yetu. Tunauliza viti vingapi, vipaza sauti vya aina gani, na mgeni rasmi atakaa wapi. Ni maswali ya haki. Tuulize na hili: siku wananchi watakapohitaji mahali pa kusemezana, ufunguo utakuwa kwa nani?

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo.